Harufu, Upepo na Tani: Namna Pumzi ya Volkano Inavyopimwa

Hotuba iliyotolewa Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi na wazee wa mtaa. Imeandikwa upya na mzungumzaji kwa ajili ya wasomaji.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, nawaamkieni. Walimu wenzangu na wanafunzi, nakushukuruni kwa kuuacha upepo mzuri wa Forodhani na kuja kuketi ndani ya ukumbi huu, ili tuzungumze juu ya jambo ambalo hapa kwetu halipo. Unguja na Pemba hazina mlima unaofuka moshi, na mtoto wa hapa anaweza kumaliza skuli akiijua volkano kwa picha ya kitabuni tu. Hata hivyo, ukitandaza ramani na kupiga mstari kutoka Unguja kuelekea kusini-mashariki, baada ya kilomita 750 hivi utafika Ngazidja, na juu ya Ngazidja umesimama Karthala, mlima wenye urefu wa mita 2,361, ambao kileleni mwake una kasoko, yaani shimo la volkano, yenye upana wa kilomita 3 kwa 4. Baadhi yenu mlio humu mna mabibi na mababu waliotoka huko, na mimi ni mmoja wenu. Kwa hivyo mlima ninaouzungumzia ni wa jamaa zetu, na hewa inayotoka humo ni hewa ambayo jamaa zetu wanaivuta.

Watu wanapofikiri juu ya volkano hufikiri juu ya moto unaotiririka, na wana haki, kwa sababu Aprili 1977 lava ya Karthala ilikiangamiza kijiji cha Singani. Lakini mwaka 1903, mlima huo huo uliua watu 17 kwa gesi iliyopenya kwenye nyufa za ardhi. Gesi haina rangi ya kumtisha mtu wala mlio wa kumwamsha usingizini, na kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya volkano inayohitaji kupimwa kuliko kutazamwa. Usiku huu nataka kukuelezeni inavyopimwa, ugumu uko wapi, na kwa nini mimi nashikilia kwamba kipimo kimoja, hata kikiwa sahihi namna gani, hakina thamani kubwa kama hakikutanguliwa na cha jana na hakitafuatiwa na cha kesho.

Tuanze na asili yake. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapokuwa chini kabisa hubanwa na uzito wa ardhi iliyo juu yake, na kwa kubanwa huko gesi hubakia zimeyeyuka ndani yake kama zilivyo ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Magma ikipanda, kubanwa hupungua, na gesi huanza kujitenga na kugeuka mapovu. Gesi hizo hazijitengi zote kwa wakati mmoja. Hewa ukaa, ambayo vitabu vya skuli huiita kaboni dayoksaidi, huwa ya mwanzo kutoka, hata magma ingali kilomita nyingi chini ya ardhi, ilhali salfa dayoksaidi, ile gesi yenye harufu ya njiti ya kibiriti iliyowashwa sasa hivi, hubakia ndani mpaka magma ikaribie juu. Pamoja nazo hutoka mvuke wa maji, ambao kwa kawaida ndio mwingi kuliko vyote, na haidrojeni salfaidi inayonuka yai viza, na gesi za asidi zenye klorini na florini. Mpangilio huu wa kutoka ndio unaoifanya gesi iwe mjumbe, kwa kuwa gesi ni nyepesi na hupita katika nyufa ambazo magma haiwezi kupita, na kwa hivyo huweza kutufikia siku au wiki kadhaa kabla ya bwana wake.

Sasa nitakueleza jambo ambalo ndilo moyo wa mazungumzo yetu, na nitalieleza kwa karafuu, maana nimezaliwa Pemba na sina mfano ulio karibu zaidi na mimi.

Msimu wa karafuu, chombo kinachopita upande wa demani wa kisiwa, yaani kule upepo unakoelekea, huipata harufu kabla abiria hawajaiona nchi. Mimi nikiwa mdogo nilidhani kwamba harufu ikizidi ukali ndipo karafuu zinapokuwa nyingi. Haiwi hivyo. Jamvi moja lililo karibu nawe, siku ambayo hewa imetulia, litakupa harufu kali kuliko shehia nzima inayoanika siku ambayo upepo unavuma kwa nguvu na kuichanganya ile harufu na hewa nyingi. Pua yako, kwa maneno mengine, inapima ukolezi, yaani ni kiasi gani cha harufu kilichomo ndani ya hewa unayoivuta wakati huo, na haipimi ni kiasi gani kinachotoka kisiwani. Ukitaka kujua kinachotoka kisiwani huna budi kuupita ule mkanda wa harufu kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ukiandika ukali wake kila hatua, uujue upana wake na kimo chake, kisha uujue mwendo wa upepo unaoubeba. Ukiwa navyo hivyo vyote, unaweza kukadiria uzito. Ukikosa kimojawapo, ulichonacho ni harufu tu.

Volkano hupimwa hivyo hivyo, isipokuwa pua inaondolewa na mwanga wa jua unawekwa mahali pake. Katika gesi zote zinazotoka kasokoni, wapimaji huichagua salfa dayoksaidi kwanza, na kuna sababu. Hewa ya kawaida haina gesi hiyo ila kwa kiasi kidogo mno, kwa hivyo ukiiona juu ya mlima unajua imetoka mlimani. Hewa ukaa haiko hivyo. Tayari imo katika hewa yote ya dunia kwa zaidi ya sehemu 420 katika kila sehemu milioni, na ukiitafuta ile ya mlima kwa mbali ni sawa na kutafuta chumvi uliyoimwaga baharini. Vilevile salfa dayoksaidi humeza baadhi ya mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho ambao ndio unaounguza ngozi zetu ufukweni, na huumeza kwa mpangilio wake maalumu, kama mtu mwenye mwandiko wake. Chombo kinachoitwa spektromita, kikielekezwa juu kupitia moshi wa mlima, huupokea mwanga uliopungua na kuusoma ule mwandiko, na kutokana na kiasi kilichopungua hutuambia ni gramu ngapi za gesi ziko juu ya kila mita moja ya mraba.

Mashine ya mwanzo iliyotumika sana kwa kazi hii, COSPEC, ilibuniwa nchini Kanada katika miaka ya 1960 kwa ajili ya moshi wa viwanda, na kuanzia miaka ya 1970 wataalamu wa volkano wakaielekeza milimani. Ilikuwa nzito na ya gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja spektromita ndogo zinazoenea mkononi, na hapo ndipo nchi zisizo na fedha nyingi zilipopata nafasi. Tangu mwaka 2005 umekuwepo mtandao uitwao NOVAC, uliosambaza vyombo vya namna hiyo kwenye volkano za mabara mbalimbali, na Nyiragongo iliyo juu ya mji wa Goma ilikuwa miongoni mwake. Chombo husimamishwa penye mteremko, na kioo chake kidogo huzunguka kutoka upeo mmoja wa macho hadi wa pili, kikiukata ule mkanda wa moshi tena na tena mchana kutwa. Pasipo na vyombo vya kudumu, mpimaji huchukua gari na kupita chini ya moshi, na kwenye volkano za kisiwani, kama Stromboli ya Italia, hupita kwa boti. Usiku hakuna kazi, kwa kuwa hakuna jua, na mawingu mazito huharibu kipimo.

Naomba wanafunzi washike kalamu, kwa sababu hesabu yake haimshindi mtu wa kidato cha pili. Tuseme mkanda wa moshi una upana wa mita 1,000, na juu ya kila mita ya mraba pana wastani wa gramu 1 ya salfa dayoksaidi. Gramu 1 mara mita 1,000 ni gramu 1,000 kwa kila mita moja ya urefu wa mkanda. Upepo ukienda mita 10 kwa sekunde, basi kila sekunde zinapita gramu 10,000, ambazo ni kilo 10. Siku ina sekunde 86,400. Jumla ni tani 864 kwa siku. Sasa badilisheni kitu kimoja tu: ufanyeni upepo uwe mita 5 kwa sekunde badala ya 10. Tani zinakuwa 432. Mlima haukubadilika, moshi haukubadilika, chombo hakikukosea, na jawabu limepungua nusu.

Hapa nina jambo la kukiri. Miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi katika kikosi cha wapimaji kwenye mlima mmoja wa bara, na kazi niliyopewa ni hii ya hesabu za jioni. Nilichukua mwendo wa upepo kutoka kwenye kipima upepo kilichokuwa bondeni karibu na kambi, mita 4 kwa sekunde, nikazidisha, nikaandika daftarini kwamba gesi imepungua. Kumbe moshi ulikuwa unasafiri kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu yetu, ambako upepo ulikuwa ukienda mita 9. Kosa liligunduliwa siku ya pili, na hakuna aliyedhurika, lakini kwa usiku mmoja daftari lilisema mlima umetulia ilhali ulikuwa vile vile kama jana. Tangu siku ile sikubali kusoma takwimu ya tani kwa siku bila ya kuuliza upepo ulipimwa wapi, kwa kimo gani, na saa ngapi. Katika makosa yote ya kipimo hiki, kosa la upepo ndilo ambalo mara nyingi huwa kubwa kuliko mengine, na inanishangaza kwamba sayansi yenye vioo na mionzi hukwama mwisho wake kwenye elimu ambayo manahodha wa pwani hii wameifanyia kazi kwa karne nyingi. Siku hizi zipo njia za kuusoma mwendo wa moshi wenyewe: kamera mbili, au spektromita mbili zinazotazama sehemu mbili za mkanda ule ule, huhesabu sekunde ambazo pumzi moja ya gesi hutumia kutoka hapa hadi pale. Njia hizo ni nzuri, na palipo na uwezo zitumike.

Ipo njia ya pili ambayo haiuhitaji upepo kabisa, nayo ni kupima uwiano. Mpimaji hubeba, au huacha ukingoni mwa kasoko, sanduku lenye pampu ndogo inayovuta hewa na kuipitisha kwenye vihisi kadhaa kwa pamoja: kimoja cha hewa ukaa, kinachotumia mionzi ya infraredi, na vingine vya salfa dayoksaidi, haidrojeni salfaidi na unyevu. Vyombo vya namna hii huitwa MultiGAS na vilianza kutumika kwenye volkano za Japani na Italia katikati ya miaka ya 2000. Ubora wake utaufahamu ukiwahi kutengeneza juisi ya ukwaju. Ukiongeza maji, ukwaju unapungua ukali na sukari inapungua utamu, lakini uwiano wa sukari kwa ukwaju unabaki pale pale ulipouweka. Hivyo hivyo hewa safi inapochanganyika na moshi wa mlima, gesi zote za mlima hupungua kwa pamoja, na uwiano baina yake haupotei. Mpimaji huondoa kwanza kile kiasi cha hewa ukaa kilichomo katika hewa ya kawaida, kisha hutazama: kwa kila sehemu moja ya salfa, pana sehemu ngapi za hewa ukaa?

Kumbukeni mpangilio wa kutoka niliokuelezeni mwanzo. Kwa kuwa hewa ukaa hujitenga chini sana na salfa hujitenga karibu na juu, uwiano huo ukipanda unaweza kuwa ni habari ya kwanza kwamba magma mpya imeingia kutoka kina kirefu. Etna na Stromboli zimefuatiliwa kwa njia hii, na mara kadhaa uwiano umeonekana kupanda kabla ya mlipuko. Tena ukiuchukua uwiano na ukauzidisha na zile tani za salfa zilizopatikana kwa mwanga, unapata tani za hewa ukaa, ambazo kwa mbali zisingewezekana kupimwa. Hivyo pua na mwanga hukutana.

Njia ya zamani kuliko hizi bado ina heshima yake. Mwanakemia wa New Zealand, Werner Giggenbach, aliyefariki mwaka 1997, alieneza matumizi ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote na kutiwa maji ya kostiki, kemikali ile ile wanayoijua akina mama wa pwani ya mashariki wanaotengeneza sabuni ya mwani. Mpimaji huchomeka mrija kwenye tundu la gesi, huziba pembeni kwa udongo ili hewa ya nje isiingie, kisha hufungua kizibo taratibu. Gesi za asidi humezwa na kostiki, zile zisizomezwa hubakia juu, na maabara huzichambua zote mpaka chembe za mwisho. Hakuna chombo cha mbali kinachotoa uchambuzi kamili kama huo. Tatizo lake ni kwamba lazima mtu afike tunduni.

Na kufika tunduni kumewaua watu. Tarehe 14 Januari 1993, wataalamu waliokuwa katika mkutano wa kisayansi nchini Kolombia walipanda mlima Galeras, baadhi yao wakiwa ndani ya kasoko kuchukua sampuli za gesi, na mlima ukalipuka. Walifariki wataalamu 6 pamoja na watalii 3. Ninawataja kwa sababu kila namba iliyomo katika vitabu vya sayansi hii ilitafutwa na mtu aliyekuwa na barakoa usoni na macho yanayowasha, na wengine hawakurudi. Jambo zito la Galeras ni kwamba mlima ule ulionekana umetulia. Gesi ilikuwa kidogo.

Nataka tukae hapa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Inaonekana ni akili ya kawaida kwamba gesi ikizidi ni hatari na gesi ikipungua ni salama. Tazameni Pinatubo nchini Ufilipino. Tarehe 13 Mei 1991 ilipimwa ikitoa tani 500 hivi za salfa dayoksaidi kwa siku. Tarehe 28 Mei zilikuwa zimepita tani 5,000. Halafu, mwanzoni mwa Juni, kiasi kikashuka ghafla. Mtu angeweza kusema mlima umechoka. Wataalamu waliokuwapo, Wafilipino na Wamarekani, walilitafsiri jambo lile kwa upande wa pili: kwamba njia ya gesi imeziba, na kinachozuiliwa ndani kinajikusanya. Makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa, na tarehe 15 Juni mlima ukalipuka mlipuko uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya karne ya 20, ukarusha angani kiasi cha tani milioni 15 hadi 20 za salfa dayoksaidi, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu digrii kwa muda. Maji ya ardhini nayo hudanganya, kwa kuwa salfa dayoksaidi huyeyuka majini kwa urahisi, na mlima wenye maji mengi ndani yake unaweza kuificha gesi yake yote mpaka maji yakauke.

Kwa hivyo, namba ya siku moja haisemi. Tani 500 ni nyingi au kidogo? Ni nyingi kwa mlima ambao jana ulitoa 50, na ni kimya cha kutisha kwa mlima ambao wiki iliyopita ulitoa 5,000. Anayeweza kujibu ni yule mwenye daftari la miaka, na daftari la miaka haliwezi kuletwa na msafara wa wiki mbili unaokuja na masanduku yake na kuondoka nayo. Linaandikwa na watu wanaoishi chini ya mlima, wanaolipwa mshahara kila mwezi, wenye mafuta ya gari, betri na vipuri, ambao huenda kazini hata katika miaka kumi ambayo mlima hausemi kitu. Mimi naona jambo hili kwa uchungu, kwa sababu fedha hupatikana kwa wepesi baada ya maafa, na huwa ngumu kupatikana katika kimya kinachoyatangulia. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 bila ya ishara zilizokuwa wazi kutosha kutoa onyo la mapema, na hii ni volkano ambayo miaka 19 kabla, Januari 2002, lava yake ilikuwa imeingia katikati ya mji wa Goma. Sisemi kwamba gesi ingeonya, huenda isingeonya. Nasema kwamba mlima wa namna ile haufai kuwa na kurasa tupu daftarini.

Nimeitaja Goma, na pana neno la huko ambalo lazima nikupeni. Katika mabonde na mashimo yaliyo pembeni mwa mji ule hewa ukaa hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini kama maji, haionekani wala hainuki. Ng'ombe akiinamisha kichwa kula majani hafi kwa ugonjwa, anakosa pumzi. Watu wa huko wakaziita sehemu hizo mazuku, na neno hilo, lililotoka katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, sasa limo katika maandishi ya wataalamu wa volkano wa lugha zote. Sisi wa visiwani hatulitumii, lakini sikio letu linalisogeza mara moja kwenye mzuka, kitu kinachozuka pasipo kutegemewa, na naona walioliita hivyo walikuwa wapimaji wazuri kabla ya vihisi kufika. Gesi hiyo hiyo ndiyo iliyotoka ziwa Nyos nchini Kamerun usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 majumbani mwao.

Kwetu Tanzania hewa ukaa hutoka pia pasipo na kasoko. Wengi mnaijua Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa lugha ya Wamasai, ambao lava yake ni ya ajabu duniani kwa kuwa haina joto kali, digrii 500 hadi 600 tu, hutoka nyeusi na baadaye hugeuka nyeupe. Lakini watafiti waliopita kwenye nyufa za Bonde la Ufa baina ya maziwa Natron na Magadi, wakikifudikiza ardhini chombo mfano wa chungu na kupima hewa ukaa inavyojikusanya ndani yake, walikadiria katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwamba bonde lile peke yake linatoa takriban tani milioni 4 kwa mwaka. Ardhi yenyewe inapumua.

Nikisema hivyo huwa naulizwa kama basi si volkano zinazoipasha dunia joto na kuipandisha bahari ya kwetu. Hapana. Volkano zote za dunia kwa pamoja hutoa hewa ukaa inayokadiriwa kuwa baina ya tani milioni 300 na 400 kwa mwaka, ilhali uchomaji wa mafuta, gesi na makaa ya mawe hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Ni takriban sehemu 1 kwa 100.

Kwa vijana wanaotaka kuanza bila ya kusubiri safari: setilaiti iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, hupita juu yetu kila mchana na chombo chake TROPOMI husoma salfa dayoksaidi kwa njia ile ile ya urujuanimno. Ramani zake ziko wazi kwa kila mwenye intaneti. Darasa la skuli yoyote ya Unguja au Pemba linaweza kuufuatilia moshi wa Nyamulagira, volkano jirani ya Nyiragongo, kwa mwaka mzima na kuandika daftari lake.

Hotuba yangu iliishia hapo, lakini nitaongeza lililotokea katika maswali, kwa sababu ni sehemu ya elimu ya usiku ule. Mzee mmoja, nahodha aliyestaafu, alisimama akauliza: “Mwanangu, Karthala ikitoa gesi wakati wa kusi, itatufika kwa saa ngapi?” Nikamjibu ubaoni kwamba upepo wa mita 6 kwa sekunde ni kilomita 21.6 kwa saa, na kilomita 750 zitachukua saa 35 hivi, na kwamba kwa muda huo sehemu kubwa ya salfa itakuwa imegeuka chembe ndogo angani au imeoshwa na mvua, kwa hivyo, isipokuwa mlipuko uwe mkubwa, pua zetu zisitegemee kitu.

Mzee akaitazama hesabu, akasema: “Hizo mita 6 umezipata wapi? Za pwani au za kati ya bahari?”

Nilikuwa nimezichukua za pwani. Akaniambia kwamba kusi la mwezi wa saba, ukishaiacha nchi, hukimbia maili 20 za bahari kwa saa na halilegei usiku kama linavyolegea huku karibu na miti. Kilomita 750 ni maili 405 za bahari. Tuliigawa pamoja mbele ya wanafunzi, ikatoka saa 20 na robo, na mzee akaomba pembeni mwa jawabu uandikwe mwezi, kwani kusi la mwezi wa tano lina hesabu yake.